Excel Inapokisia Badala Yako

Mwaka 2016 watafiti watatu wa Melbourne, Australia, walichapisha katika jarida la Genome Biology makala fupi iliyowatia wanasayansi wengi haya. Mark Ziemann, Yotam Eren na Assam El-Osta walikuwa wametengeneza programu ya kukagua mafaili ya Excel ambayo wataalamu wa jeni huyaambatisha kwenye makala zao. Wakaipitisha kwenye majarida 18, toleo baada ya toleo, kuanzia 2005 hadi 2015. Kati ya makala 3,597 zilizokuwa na orodha za jeni, 704 zilikutwa na majina yaliyoharibika. Hiyo ni karibu moja katika kila tano. Hakuna aliyeyaharibu kwa kusudi, na wengi hawakuwa na habari. Ni Excel iliyoyabadilisha, kimya kimya, mara tu yalipoandikwa au kubandikwa.

Wewe huenda hujawahi kushughulika na jeni hata siku moja. Lakini kama unaandaa orodha ya mishahara, unatunza daftari la kikundi cha kuweka na kukopa, unaingiza alama za wanafunzi au unakusanya namba za simu za waumini kwa ajili ya harambee, umekaa kwenye kiti kilekile walichokaa wanasayansi hao. Kilichowapata wao ndicho kinachokupata wewe, isipokuwa wewe huna mtafiti wa Melbourne wa kukukagulia.

Jeni zilizogeuka tarehe

Kulikuwa na jeni inayoitwa SEPT2. Iandike ndani ya kisanduku cha Excel, bonyeza Enter, na unachokiona ni 2-Sep, yaani tarehe 2 Septemba. MARCH1 ikawa tarehe 1 Machi. DEC1, jeni inayohusishwa na saratani ya umio, ugonjwa unaosumbua sana ukanda wetu wa Afrika Mashariki, ikawa tarehe 1 Desemba. Tatizo la DEC1 lilikuwa limeshaelezwa mwaka 2004 katika jarida la BMC Bioinformatics. Miaka 12 baadaye watu walikuwa bado wanajikwaa palepale.

Mtu anaweza kusema: basi, ukiona 2-Sep si unajua ni SEPT2? Si mara zote. Palikuwa na jeni nyingine iitwayo MARC1, bila H. Nayo ikiingia Excel inatoka 1-Mar, sawa na MARCH1. Vitu viwili tofauti vimekuwa kimoja, na ukiwa na faili hiyo pekee huna namna ya kuvitenganisha tena. Isitoshe, ndani ya kisanduku herufi hazipo tena. Excel huhifadhi tarehe kama hesabu ya siku: 1 ni tarehe 1 Januari 1900, na tarehe 1 Januari 2024 ni 45292. Ukijaribu kuirudisha tarehe iwe maandishi, unaletewa namba kama hiyo, na jina la jeni halirudi.

Ukaguzi mwingine uliotoka mwaka 2021, uliochukua makala nyingi zaidi, ulikuta hali imezidi kuwa mbaya: karibu asilimia 31 ya makala zenye orodha za jeni zilikuwa na makosa ya aina hiyo. Kwa hiyo kelele peke yake haikusaidia. Kamati ya kimataifa inayotoa majina rasmi ya jeni za binadamu iliamua kuchukua hatua ambayo haikutarajiwa: ilibadilisha majina ya jeni zenyewe. Mwongozo wake ulipotoka Agosti 2020, jeni 27 zilikuwa zimepewa majina mapya katika kipindi cha takriban mwaka mmoja. SEPT1 ikaitwa SEPTIN1, MARCH1 ikaitwa MARCHF1. Mwaka 2023 Microsoft nayo iliongeza kwenye Excel sehemu ya kuzima ubadilishaji huo, nami nitaifikia.

Kwa nini inakisia

Dan Bricklin alikuwa mwanafunzi wa biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1978 alipopata wazo la lahajedwali ya kompyuta. Ubaoni, mhadhiri akibadilisha tarakimu moja kwenye jedwali la hesabu, ilibidi afute na kuandika upya zote zinazoitegemea. Bricklin akataka ubao unaojihesabu wenyewe. Yeye na Bob Frankston wakaitengeneza VisiCalc, iliyoingia sokoni mwaka 1979 kwa kompyuta za Apple II. Lotus 1-2-3 ikafuata mwaka 1983, na Excel mwaka 1985.

Shabaha ya kifaa hicho tangu siku ya kwanza ilikuwa hesabu, na mtu anayepiga hesabu hataki kuiambia kompyuta kila mara kwamba "hii ni namba" au "hii ni tarehe". Anataka aandike tu, ieleweke. Ndiyo maana unapobonyeza Enter, programu hutazama ulichoandika na kuamua ni cha aina gani. Kikifanana na namba, kinafanywa namba. Kikifanana na tarehe, kinafanywa tarehe. Kikikosa kufanana na chochote, kinaachwa kiwe maandishi. Ni fundi cherehani anayeshika mkasi kabla hujamwambia unataka kanzu au gauni: mara nyingi anapatia, kwa sababu wateja wake wengi hutaka kanzu, lakini siku akikosea kitambaa kimeshakatwa.

Ukisio huo hauna nia mbaya na kwa kazi nyingi unatuokolea muda. Ubaya wake ni kwamba hautoi taarifa: hakuna mlio wala swali la "una uhakika?".

Namba ya NIDA iliyopoteza mkia

Tuseme ofisa utumishi anakusanya namba za kitambulisho cha taifa za wafanyakazi. Namba ya NIDA ya Mtanzania ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Ofisa anaandika namba zote mfululizo bila vistari. Kwa mfano wetu tuchukue namba isiyo ya mtu yeyote: 12345678901234567890. Kisanduku kinaonyesha 1.23457E+19. Anahisi ni suala la mwonekano tu, anatanua safu, anachagua namba zisioneshwe kwa kifupi, na sasa anaona 12345678901234500000. Tarakimu tano za mwisho zimegeuka sifuri. Anaituma faili. Jioni simu inalia.

"Dada, mbona namba yangu ya NIDA imeishia na sifuri tano?"

"Hata yangu, kaka. Ofisi nzima tumeishia na sifuri tano."

Sababu iko ndani kabisa ya namna kompyuta zinavyohesabu. Excel huhifadhi kila namba katika biti 64, kwa utaratibu uliokubaliwa kimataifa mwaka 1985 na unaotumiwa na karibu kompyuta zote duniani. Mmoja wa waliouongoza utaratibu huo, William Kahan wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitunukiwa Tuzo ya Turing mwaka 1989. Katika biti hizo 64, moja ni ya alama ya kujumlisha au kutoa, 11 ni za kuonyesha ukubwa, na 52 ni za tarakimu zenyewe. Biti 52 zinatosha kubeba kwa uhakika tarakimu 15 tu. Zinazozidi hapo, Excel huziandika sifuri.

Kwa hesabu, tarakimu 15 ni utajiri. Umbali wa kutoka duniani hadi kwenye jua, ukiupima kwa mita, una tarakimu 12. Bajeti ya serikali ya Tanzania, iliyo makumi ya trilioni za shilingi, ina tarakimu 14. Hakuna mhasibu atakayeishiwa nafasi. Lakini namba ya NIDA haipimi kitu. Ni jina la mtu lililoandikwa kwa tarakimu, na kwenye jina kila tarakimu ina uzito sawa. Mbili za mwisho zina thamani ileile ya mbili za mwanzo.

Hapo ndipo ilipo kanuni nzima, na ukiikumbuka hii peke yake umeshavuna: kabla hujajaza safu, jiulize kama utawahi kuijumlisha. Mshahara utaujumlisha. Siku za likizo utazijumlisha. Namba ya simu huijumlishi, wala namba ya akaunti ya benki, wala ya kitambulisho, wala ya chumba. Kisichojumlishwa ni jina, na jina linahifadhiwa kama maandishi.

Namba zenye herufi ndani yake zimejikinga zenyewe. Namba ya mtihani wa kidato cha nne Tanzania huanza na S, na PIN ya kodi ya KRA ya Mkenya huanza na herufi na kuishia na herufi, kwa hiyo Excel inaziacha. Hata namba ya NIDA ukiiandika pamoja na vistari vyake kama ilivyo kwenye kadi inasalimika. Madhara huangukia tarakimu tupu.

Sifuri ya simu, alama za darasani na tarehe za marejesho

Namba ya simu ya mkononi, Kenya au Tanzania, huanza na sifuri. Kwenye hesabu, sifuri iliyo mwanzoni haina maana yoyote, kwa hiyo Excel inaidondosha. Tarakimu kumi zinabaki tisa. Ukiipeleka orodha hiyo kwenye mfumo wa kutuma ujumbe kwa pamoja, mfumo unazikataa namba zote. Habari njema ni kwamba kosa hili linatibika, maana unajua kilichopotea: kama namba ziko safu ya A, andika safu ya pembeni fomula ="0"&A2, ivute hadi chini, na sifuri zote zimerudi. Namba ya NIDA haitibiki hivyo. Tano zilizopotea hazimo tena ndani ya faili, na dawa ni kurudi kwenye fomu za awali.

Mwalimu naye anaandika alama za jaribio kama alivyozoea kuziandika kwenye daftari: 7/10. Excel inasoma tarehe 7 Oktoba, au 10 Julai, kutegemea kompyuta imepangiwa nchi gani. Mwanafunzi wa 15/20 anabaki salama kwa sababu hakuna mwezi wa 15 wala wa 20. Darasa moja, safu moja, nusu yao wana alama na nusu wana tarehe. Namba ya chumba 3E2 hugeuka 3.00E+02, maana E katikati ya tarakimu inasomwa kama "mara kumi kwa kipeo", kwa hiyo chumba kimekuwa 300.

Tarehe ndizo zenye hila zaidi, kwa sababu zikikosewa hazionekani kama kosa. Sisi tunaandika siku kwanza, kisha mwezi. Kompyuta nyingi hununuliwa zikiwa na mipangilio ya Marekani, ambako mwezi hutangulia. Mweka hazina wa kikundi anaandika marejesho ya mkopo ya tarehe 03/04/2024, akimaanisha 3 Aprili. Kompyuta inaandika 4 Machi. Anaandika 13/04/2024, kompyuta inatafuta mwezi wa 13, haiuoni, inaamua hayo ni maandishi. Akija kupanga orodha kwa tarehe, marejesho yanachanganyika, na fomula ya kupiga faini ya waliochelewa inamtoza mwanachama aliyelipa kwa wakati. Atakayelaumiwa ni mweka hazina.

Ipo njia ya kuligundua hili kwa macho tu, bila fomula. Kama hujagusa mpangilio wa kisanduku, Excel husogeza namba na tarehe upande wa kulia, na maandishi upande wa kushoto. Itazame safu yako kutoka juu hadi chini. Tarehe zikiwa zimegawanyika, baadhi zimeegemea kulia na baadhi kushoto, basi kuna zilizosomwa kinyume na kuna zilizoshindwa kusomeka. Namba za simu zikiegemea kulia, sifuri zimeshaondoka. Na kiasi cha fedha kikiegemea kushoto, hilo nalo ni onyo: Excel inakiona ni maandishi.

Onyo hili la mwisho ni upande wa pili wa kanuni yetu. Ukinakili miamala kutoka kwenye taarifa ya simu au ya benki, mara nyingi kiasi huja na "TSh" mbele au na nafasi isiyoonekana nyuma. Machoni ni elfu hamsini kama elfu hamsini nyingine. Fomula ya SUM inairuka bila kusema lolote, na jumla inatoka pungufu. Kinachojumlishwa lazima kiwe namba halisi, kama vile kisichojumlishwa kinavyopaswa kuwa maandishi.

Mistari iliyokatika na fomula iliyoishia njiani

Makosa ya ukisio yana ndugu zake wawili, na wote wawili wamewahi kusumbua watu wakubwa.

Wa kwanza ni mipaka ya faili. Mapema Oktoba 2020, katikati ya janga la korona, Public Health England ya Uingereza ilitangaza kwamba wagonjwa 15,841 hawakuingia kwenye hesabu za kila siku zilizotolewa kati ya Septemba 25 na Oktoba 2. Majibu ya maabara yalikuwa yakipitishwa kwenye mafaili ya Excel ya muundo wa zamani, ule wenye jina linaloishia na xls. Muundo huo unachukua mistari 65,536 tu, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 16. Jibu la mgonjwa mmoja lilichukua mistari kadhaa, hivyo faili lilijaa baada ya wagonjwa kama 1,400, na waliozidi waliachwa nje. Wagonjwa wenyewe walipewa majibu yao. Waliokutana nao ndio waliochelewa kutafutwa. Muundo mpya wa xlsx, uliokuja na Excel ya 2007, unachukua mistari 1,048,576. Kama kuna mfumo ofisini kwako ambao bado unatoa mafaili ya xls, yafungue na uyahifadhi upya kama xlsx kabla hujaongeza kitu.

Ndugu wa pili ni fomula isiyofika mwisho. Mwaka 2010 wachumi wawili, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa makala iliyosema kwamba nchi zenye deni linalozidi asilimia 90 ya pato la taifa uchumi wake ulikua kwa wastani wa hasi asilimia 0.1. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliotaka kubana matumizi ya serikali waliishika mkononi. Mwaka 2013 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, Thomas Herndon, aliomba faili lao la Excel, akalipata, akabofya kisanduku cha wastani. Fomula iliishia mstari wa 44 badala ya 49. Nchi tano zilikuwa zimeachwa nje: Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark. Herndon na maprofesa wake, Michael Ash na Robert Pollin, walipohesabu upya walipata chanya asilimia 2.2. Haki isemwe: sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitokana na namna wachumi hao walivyochagua miaka na kuipa kila nchi uzito, na fomula fupi ilichangia kidogo tu. Lakini ni fomula fupi iliyowavunjia heshima, kwa sababu hiyo kila mtu aliielewa.

Ofisini kosa hili huzaliwa siku anapoajiriwa mtu mpya. Jina lake linaongezwa chini ya orodha, jumla bado inahesabu hadi mtu wa jana. Kinga yake ni kubonyeza popote ndani ya orodha kisha Ctrl na T kwa pamoja, kuifanya iwe jedwali rasmi. Kuanzia hapo, fomula inayotaja safu ya jedwali hilo inarefuka yenyewe kila jina linapoongezwa.

Tunajiamini kupita kiasi

Raymond Panko wa Chuo Kikuu cha Hawaii ametumia miaka mingi kutafiti makosa ya watu kwenye lahajedwali. Alipokusanya matokeo ya kaguzi zilizofanywa tangu 1995 kwenye mafaili halisi ya kazini, 113 kwa jumla, asilimia 88 yalikuwa na kosa angalau moja. Haishangazi ukifikiria. Mtu akiandika fomula hukosea mara chache tu katika kila mia, lakini faili lina fomula mamia, na moja hutegemea nyingine. Makosa machache yanatosha kufika kwenye jumla ya mwisho.

Jambo lingine alilolijaribu Panko lina faida ya moja kwa moja kwetu. Aliwapa watu faili lenye makosa aliyoyapanda na kuwaambia wayatafute. Aliyekagua peke yake alipata kiasi cha asilimia 60 ya makosa. Waliokagua wakiwa watatu pamoja walipita asilimia 80. Kwa maneno mengine, hata ukitumwa rasmi kutafuta makosa, na ukijua yapo, macho yako peke yako yataacha karibu nne katika kila kumi. Mwenzako akisoma fomu kwa sauti na wewe ukifuatisha kwenye skrini, kama ilivyokuwa desturi ya makarani wa zamani kuhakiki leja, mnafanya kazi ambayo programu haiwezi kuwafanyia.

Namna ya kujikinga

Anza na safu za majina-tarakimu kabla hujabandika kitu. Fungua faili tupu, bofya herufi iliyo juu ya safu ili ishikwe yote, nenda Home, tafuta kisanduku kilichoandikwa General, shuka hadi Text. Sasa andika au bandika. Ukibandika kutoka sehemu nyingine, chagua ubandike maandishi matupu, la sivyo mpangilio wa kule unakotoa unaweza kuja nayo na kuufuta wako. Utaratibu ni muhimu: kuweka Text baada ya sifuri kupotea hakuirudishi sifuri. Kwa kisanduku kimoja tu, tanguliza ritifaa, ile alama iliyo ndani ya neno ng'ombe, kisha uandike namba. Alama haitaonekana ukishabonyeza Enter, na tarakimu zote zitabaki.

Mafaili ya CSV, ambayo mifumo mingi ya benki na ya mitandao ya simu hutoa, usiyafungue kwa kuyabofya mara mbili. Hapo ndipo Excel hukisia faili zima kwa mkupuo. Tangulia kufungua Excel, nenda Data, chagua From Text/CSV, kisha mahali panapouliza namna ya kutambua aina za data chagua isitambue. Anayetumia LibreOffice Calc, ambayo ni ya bure, ana bahati: akifungua CSV huletewa dirisha la kuchagua aina ya kila safu, na anaweza kuweka Text hapohapo.

Kama Excel yako ni toleo jipya, ingia File, kisha Options, kisha Data. Utaona sehemu ya ubadilishaji wa kujiendesha iliyoongezwa mwaka 2023, yenye vipengele vinne: kuondoa sifuri za mwanzo, kubakiza tarakimu 15, kusoma E kama kipeo, na kugeuza herufi na tarakimu kuwa tarehe. Toa alama ya tiki kwenye vyote vinne. Kumbuka kwamba umelinda kompyuta yako tu. Faili likienda kwa mwenzako ambaye hajazima, na akaandika upya humo, ukisio unarudi.

Tarehe ziandike kwa kuanza na mwaka: 2024-04-03. Mpangilio huu husomwa vilevile kwenye kompyuta ya mipangilio ya Marekani na ya Uingereza, na ukipangwa kwa mfuatano hautibuki hata ukiwa maandishi.

Kuna mtego mmoja wa mwisho wa namba ndefu. Hata namba za NIDA zikiwa zimehifadhiwa vizuri kama maandishi, fomula ya COUNTIF inayotumika kutafuta waliorudiwa huzigeuza kuwa namba wakati wa kulinganisha, na kwa hiyo hulinganisha tarakimu 15 za kwanza tu. Watu wawili wanaotofautiana tarakimu za mwisho wataonekana ni mmoja. Tumia =SUMPRODUCT(--(A$2:A$215=A2)) badala yake; hiyo hulinganisha maandishi kwa maandishi, herufi kwa herufi. Hapa 215 ni mstari wa mwisho wa orodha ya watu 214, weka wako.

Kozi nyingi za kompyuta mitaani kwetu huanza Excel kwa kukoleza maandishi, kupaka rangi na kuchora mipaka ya jedwali. Hayo hayana ubaya, ila yangeweza kusubiri somo la pili. Somo la kwanza lingepaswa kuwa hili la aina za data, kwa sababu orodha mbaya ya rangi nzuri hudanganya vizuri zaidi kuliko ile isiyopakwa rangi.

Na unapolituma faili, usilitume peke yake. Kwenye ujumbe andika lina mistari mingapi, jumla ya safu ya fedha ni kiasi gani, na safu zipi ni maandishi: "Mistari 214, jumla 138,450,000, NIDA na simu ni Text." Atakayelipokea atalinganisha kwa nusu dakika. Hesabu zikitofautiana atakupigia simu kabla malipo hayajaenda benki, na kurekebisha faili wakati huo ni rahisi kuliko kufuatilia fedha zilizokwisha kutoka.